Vyungu vya Bibi Mtani

Siku ya kwanza vyungu vilikuwa kumi na viwili. Nina uhakika, kwa sababu nilivivunja vyote mimi mwenyewe.

Usinishangae, ndivyo tulivyofundishwa. Katika Gemu la Mlima, gemu la kale la televisheni, ukitoka nyumbani kwako ukapita kisima, nyumba ya kwanza kushoto ni ya bibi kizee mwenye kilemba cheupe. Mlango haufungwi. Unaingia, unavunja vyungu vyake, unachukua majani ya dawa yaliyomo, na yeye anasimama palepale akisema maneno yake ya Kijapani, wala hakupigi wala haiti mtu. Mjomba wangu Dilunga, aliyekuwa na kibanda cha gemu pale Mji Mpya enzi za ujana wake, alilitafakari jambo hilo na wenzake wakakata shauri kwamba jibu ni moja tu: huyu ni mtani wao. Nani mwingine utaingia kwake ukachukua vyake naye akakuangalia tu? Kwetu Uluguru kila ukoo una ukoo wa watani wake. Mtani anakuchekesha msibani, anaondoka na kuku wako, na siku ukifa ndiye anayekuja kukuchimbia kaburi. Basi bibi akaitwa Bibi Mtani, na kabla ya kumvunjia kitu ulitakiwa umzunguke mara tatu kwa heshima.

Pale kibandani hakuna aliyejua Kijapani hata neno la salamu. Waliliita Gemu la Mlima kwa kuwa kaseti yake ilichorwa mlima. Majani ya dawa waliyajua kwa kuyala, sumu waliijua kwa kufa. Betri ndogo ndani ya kaseti ilikuwa imekufa hata kabla haijafika Morogoro, kwa hiyo gemu halikuweza kutunza safari ya mtu, na kila asubuhi walianza upya kutoka nyumbani, wakiwa na chungu kimoja tu cha majani ya dawa, cha kuanzia. Katika miaka yote ile waliishia kwenye Mlango Mwekundu ulio kileleni. Muda wa kutafuta ufunguo wake haukuwahi kutosha kabla ya kibanda kufungwa.

Hata hivyo kila jioni walikwenda kumuaga Bibi Mtani. Ndiye mtunza safari. Anakuuliza swali, yanatokea majibu mawili, la juu lina alama mbili na la chini lina alama tatu. Walibonyeza Mbili, wakiihesabu kuwa ndiyo, kitabu kidogo kikatokea na kufungwa, wakazima. Betri ikiwa imekufa, kitabu hicho hakikutunza chochote. Lakini kuondoka kwa mtu bila kuaga ni utovu wa adabu, awe wa kwenye televisheni au wa kwenye kigoda.

Miaka hamsini baadaye mimi ndiye nilikuwa nimeshika pedi, ndani ya chumba cha vioo cha Hifadhi ya Michezo, na nilichoajiriwa nacho ni ujinga wangu. Siku hizi kila mtu ana kikalimani, kipande sikioni na kipande jichoni, na hakuna lugha inayompita. Hifadhi ilikuwa na rekodi za maelfu ya watu waliocheza magemu ya kale wakielewa kila neno. Rekodi ya waliocheza bila kuelewa hawakuwa nayo hata moja, na hao ndio waliokuwa wengi duniani. Wakanitafuta. Kila Alhamisi asubuhi nilivua kikalimani changu, nikakiweka kwenye kisahani mlangoni, nikacheza kama alivyocheza Mjomba, huku mashine zikinirekodi mpaka jasho la viganja.

Tofauti ilikuwa moja. Ndani ya kaseti hii, nakala mpya ya ile ya kale, walikuwa wamepandikiza ute, huu ute wa kumbukumbu wanaowawekea hospitalini waliopata kiharusi. Watu wa kijiji cha gemu, ambao zamani walirudia sentensi moja mpaka kiama, sasa walikuwa wanakumbuka. Ute nao unachoka. Ukicheza saa tatu lazima uzime, na lazima upumzike siku sita.

Nami nilimzunguka Bibi mara tatu, nikamvunjia vyungu kumi na viwili, nikamuaga kwa kubonyeza Mbili. Alhamisi ya pili nikakuta vyungu vimesimama tena kama kawaida, ila ni kumi na kimoja. Nikacheka. Nikadhani Bibi amechoka kuibiwa, ameficha kimoja. Nikavunja vilivyobaki, nikaaga. Wiki iliyofuata vilikuwa kumi.

*

Alhamisi ya kumi na moja sikuvunja kitu.

Nilikuwa na daftari. Kibandani kila mtu alikuwa na lake, la kuandikia alama na maana walizozibahatisha, na mimi nilirithi tabia hiyo. Usiku uliotangulia nilikuwa nimelisoma upya tangu mwanzo. Alhamisi ya tatu nilikuwa nimeandika: leo hakumwita paka wake. Ya tano: hakwenda kisimani. Ya nane: hakwenda kwenye jiwe. Nyuma ya nyumba yake kuna jiwe dogo ambalo Bibi hupiga magoti mbele yake kila asubuhi. Kibandani walisema pale amezikwa mtoto wake, na hakuna aliyepita juu ya jiwe lile, hata aliyekimbizwa na zimwi.

Yote hayo niliyaandika kama mambo madogo ya kuvutia. Nilipoyasoma kwa mkupuo, niliona kila wiki kuna kitu kimempungua.

Basi siku hiyo sikumvunjia hata kimoja. Nilihesabu: viwili. Nikaenda mlimani, nikapigana na ndege wa moto anayelinda njia, nikarudi jioni ya gemu. Nikahesabu tena: viwili. Bibi aliuliza swali lake. Zamani alikuwa anaongea mpaka maandishi yanajaza kioo mara nne. Siku hizi ulikuwa mstari mmoja mfupi, kisha majibu yale mawili. Nikabonyeza Mbili, kitabu kikatokea, kikafungwa. Kabla sijazima nilitazama ukutani.

Kilikuwa kimoja. Paka alikuwa amekaa mbele ya bakuli tupu, na Bibi alimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Si mimi niliyekuwa navimaliza kwa kuvunja. Nilikuwa navimaliza kwa kuaga.

*

Mhandisi wa mradi ni kijana aitwaye Kishimba, mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani kila akibanwa. Nilimkuta kantini anakunywa chai na vitumbua. Nikavuta kiti bila kukaribishwa.

"Kishimba, Bibi ananiuliza nini?"

Akavua miwani. "Dada Mwantumu, hilo unajua siruhusiwi. Mchezaji asipewe maana yoyote. Ndio mradi wenyewe."

"Haya, tuache maana. Niambie habari za ute. Hilo ni la ufundi, halina Kijapani."

Akafikiri, akaona halina kosa. "Ute ukishaganda hauongezeki. Ni tone moja, basi. Watu wa kijiji wamo humo, na safari yako imo humo."

"Na safari yangu inakua kila wiki."

"Inakua."

"Na nafasi haikui."

Alikata kitumbua vipande vinne na hakula hata kimoja. "Ute haufuti kitu," alisema taratibu, kama anayechagua mahali pa kukanyaga kwenye tope. "Unafunika tu. Ukipaka chokaa ukutani, rangi ya zamani si ipo chini? Ukiikwangua chokaa unaikuta. Lakini ukuta wa mtu mmoja una kikomo. Na chokaa haipakwi mpaka mwenye ukuta aseme ipakwe, na mpaka yule anayepakiwa aseme sawa. Hiyo ni sheria ya ute, si yetu."

Nikaelewa. Mwenye ukuta ni Bibi. Kila Alhamisi alikuwa anajitolea kusahau kitu chake ili anitunzie changu, na kila Alhamisi ananiuliza kama nakubali. Nami kila Alhamisi nilikuwa nakubali, kwa adabu kabisa, kisha nakwenda kununua mchicha.

"Kwenye ripoti mnaandikaje?" nikauliza.

"'Mchezaji ameulizwa, ameridhia.'"

"Mara kumi na moja?"

"Mara kumi na moja."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Shuleni tulifundishwa habari za machifu wa Usagara na Ukami, milima yetu hii hii, walivyotia alama kwenye karatasi za Kijerumani wasizoweza kuzisoma, na karatasi zikaenda Ulaya zikisema wameridhia. Tuliwacheka, sisi watoto, tukawaona wajinga. Mwalimu hakucheka. Sasa nilikuwa nimekaa kantini na nikaona kwamba katika hadithi hiyo mimi ni chifu na ni karatasi pia. Niliweka alama nisiyoijua, na aliyepoteza si mimi.

"Unaweza kuvaa kikalimani ukasoma mwenyewe," Kishimba alisema. "Hakuna atakayekushika mkono. Ila rekodi itakuwa imeharibika, mradi utafungwa, na ute wa mradi uliofungwa unamwagwa."

"Na nikikataa kucheza?"

"Unamwagwa vilevile."

"Kwa hiyo niendelee na ujinga wangu ili aishi."

Alivaa miwani, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kanuni zinasema ucheze, dada. Nimezisoma mara nyingi wiki hii. Hakuna mahali zinasema umalize."

*

Alhamisi ya kumi na mbili nilikwenda na Mjomba.

Tulikuwa tumeipanga siku hiyo tangu mwezi wa kwanza. Mjomba ana presha ya macho. Daktari alikuwa amemwambia bila kuficha kwamba kufika mwisho wa mwaka ataona mwanga na giza tu. Hakulia, hakulalamika, alisema tu kwamba kabla ya hapo anataka kuona kilichopo nyuma ya Mlango Mwekundu, kwa sababu amekiwaza tangu ana miaka ishirini na mitatu na kuna usiku mwingine kimemnyima usingizi kuliko mwanamke yeyote. Hifadhi ilimpa ruhusa ya kukaa kando yangu siku mbili: leo ya kupata ufunguo, na wiki ijayo ya kufungua.

Alikaa pua yake ikikaribia kugusa kioo. "Wewe, unapita wapi? Pita kwenye daraja. Huko kuna nyoka."

"Mjomba, nyoka nilishamuua mwezi wa tatu."

"Nyoka haaminiki hata akifa."

Ufunguo tuliupata saa mbili na robo baada ya kuanza, chini ya maporomoko, ndani ya sanduku ambalo wenzake Mjomba waliwahi kusema ni pambo tu. Mzee alipiga paja. Alitaja majina ya marafiki watatu, wote marehemu, akawaambia waone. Nami nilifurahi kwa furaha yake, kisha nikaitazama saa ya ute pembeni ya kioo, nikaona muda uliobaki ulikuwa wa kurudi kijijini tu. Kupanda mpaka Mlango Mwekundu ni mwendo wa saa nzima, na ute ungezimika njiani. Ufunguo huo ulikuwa lazima utunzwe, na wa kuutunza alikuwa mmoja.

Nikaingia kwa Bibi Mtani. Nikamzunguka mara tatu. Chungu kilikuwa kimoja, pembeni, na yeye alikuwa amesimama karibu nacho ameelekea ukuta. Akageuka. Mstari mmoja mfupi. Majibu mawili. Kidole changu hakikusogea.

"Bonyeza basi," Mjomba akasema. "Unangoja nini?"

Nikamweleza yote: vyungu, kitumbua cha Kishimba, chokaa. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Ni gemu, Mwantumu."

"Ni gemu, Mjomba."

"Bibi mwenyewe amekubali, umesema. Anauliza, halazimishwi."

"Anauliza. Lakini anadhani naelewa."

Mjomba akasugua macho yake. "Mimi sina mwaka mwingine wa macho," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Ukianza upya, kutoka leo mpaka kufika tena kwenye ufunguo ni wiki kumi na mbili, na ukifika utamkuta hivyo hivyo, na vyungu vyake vimekwisha hivyo hivyo. Hakuna namna ya kuuona mlango ule bila kummaliza. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi unaninyima milele, si leo tu."

Nilimpenda Mjomba kuliko nilivyompenda baba, yeye ndiye aliyeniozesha na yeye ndiye aliyenipokea niliporudi, na nilikuwa nimeshika pedi nikimpima na bibi aliyetengenezwa kwa ute. Niliona aibu, na bado kidole hakikusogea.

"Paka yuko wapi?" aliuliza ghafla.

"Yuko pale mlangoni. Hamwiti tena."

"Na kwenye jiwe?"

"Tangu Alhamisi ya nane hajaenda."

Mjomba alivua kofia yake, akaishika magotini kama mtu aliyefika msibani na hajajua aketi wapi. Saa ya ute ilikuwa inaonyesha dakika sita.

"Amesahau kaburi la mwanawe," akasema, "ili sisi tukumbuke tulikoficha ufunguo." Akafuta jicho kwa upindo wa kanzu, sijui kwa ugonjwa au kwa jingine. "Mtani unamwibia kuku. Humwibii maiti yake. Pedi iko kwako, mwanangu. Fanya."

Nikashusha mshale kwenye jibu la chini. Katika miaka yote ya kibanda na wiki kumi na moja zangu, hakuna aliyewahi kulibonyeza. Nikabonyeza Tatu.

Kisha yakaja maandishi mapya, marefu, yakajaza kioo mara moja, mara mbili, na mwisho majibu mawili tena. Nikamtazama Kishimba nyuma ya kioo cha chumba. Alikuwa ametupa mgongo, anasoma ukuta mtupu kwa bidii, ili uso wake usinisaidie.

"Sasa hilo ni lipi?" Mjomba akanong'ona.

Nikajiuliza: ukimpa mtu zawadi akairudisha, unamuuliza nini? Unamuuliza kama ana hakika. Na kama hilo si swali lake, labda anauliza kama akwangue chokaa yote. Kwa vyovyote jibu langu lilikuwa moja, na kwa mara ya kwanza nilijua ninachokubali, japo sikukisoma. Nikabonyeza Mbili.

Kitabu kidogo kilitokea. Hakikufungwa. Karatasi zake zilipeperuka moja moja mpaka zikaisha, na kioo kikawa cheusi. Ufunguo, ndege wa moto, nyoka, miezi mitatu yangu, vyote vikaenda. Mjomba akarudisha kofia kichwani.

Ukatokea mlima wa mwanzo. Dakika nne zilikuwa zimebaki, nikaona si vibaya kuzitumia. Nikaanza upya, mtupu, ndani ya nyumba yetu yenye kitanda, mkeka na kile chungu kimoja cha kuanzia. Sikukigusa. Nilikimbia moja kwa moja kwa Bibi.

Vyungu vilikuwa kumi na viwili. Bakuli la paka lilikuwa limejaa. Bibi mwenyewe hakuwemo ndani, na nilipozunguka nyuma nikamkuta amepiga magoti mbele ya jiwe, na nikasimama mbali, kama tulivyofundishwa. Nilimweleza Mjomba ninachokiona, maana macho yake yalikuwa yamechoka.

Kisha Bibi akasimama. Hakurudi kwake. Alinijia mimi, na katika gemu hilo hakuna aliyewahi kumwona akimfuata mchezaji. Akanizunguka. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Anafanya nini?" Mjomba akauliza. "Mbona umenyamaza? Anafanya nini?"

"Amenizunguka mara tatu, Mjomba."

Kishimba alikuwa ameshageuka, paji la uso limegusa kioo. Bibi Mtani akapita kisima kwa hatua zake fupi, akaingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi. Nikamfuata. Alisimama mbele ya chungu chetu cha pekee, akakivunja, akachukua majani ya dawa yaliyokuwa ndani, akatoka zake nje bila kusema neno lolote la lugha yoyote.

Nilipomsimulia Mjomba, alicheka mpaka kofia ikaanguka, akacheka mpaka akakohoa, na nikaogopa kidogo. Alipopata pumzi alinyoosha mkono kuelekea sauti yangu.

"Nipe hiyo pedi," alisema. "Zimebaki dakika ngapi?"

"Mbili."

"Zinatosha. Nielekeze kwake tu, ya kushoto si ndiyo? Kumi na viwili nitavimaliza kwa kupapasa."